Ukuta Ulioita Mara Mbili

Jovina alikuwa mfyatuaji wa matofali huko Chanji, mjini Sumbawanga, na sifa ya tofali lake ilikuwa kwamba lingeweza kuanguka kutoka kwenye toroli lisipasuke. Kazi hiyo hakuisomea. Aliianza kwa sababu mume wake, Alois, aliteremka bondeni Mtowisa na lori kufuata mpunga, na hakurudi.

Lori lilipatikana kando ya barabara, limeegeshwa vizuri kabisa. Ufunguo ulikuwa mahali pake. Sweta la Alois lilikuwa limekunjwa juu ya kiti, kama anavyolikunja mtu anayeshuka kwenye joto huku akijua atalihitaji tena atakapopanda kwenye baridi. Mwenyewe hakuonekana. Walimtafuta mpaka Ilemba, wakauliza kwa wakulima na kwa wachunga ng'ombe, wasipate hata mtu aliyekutana naye. Miaka ilipita. Jovina hakuvaa nguo nyeusi wala hakuvua pete, maana mtu asiyezikwa hakaliwi matanga. Husubiriwa.

Alisubiri pamoja na Bibi Fransiska, mama mkwe wake, ambaye alilihifadhi lile sweta sandukuni na kulianika kila masika yalipokwisha.

Siku moja alikuja uani kijana mmoja aliyebeba ramani chini ya kwapa. Jina lake Lukmani, mtoto wa wenye duka la vitambaa mjini, aliyekuwa amesomea upangaji na usanifu wa miji, akarudi kufanya kazi kwao. Alitaka kuligeuza vumbi tupu la Chanji liwe uwanja wa watu: miti, mabenchi, njia za waenda kwa miguu, na upande unakotoka upepo, ukuta mrefu wa matofali yenye matundu.

"Kwa nini matundu?" Jovina aliuliza. "Unataka kuzuia upepo kwa chujio?"

"Tukiuziba ukuta wote, mama, upepo utaruka juu na kuwaangukia watu upande wa pili. Ukipita kwenye matundu, utatokea umechoka."

Jovina akacheka. "Upepo wa Ufipa haujawahi kuchoka, mwanangu. Haya, lete vipimo."

Akayafyatua. Uwanja ukafunguliwa, watu wakaupenda. Kisha kipupwe kikaingia.

Jovina alikuwa ameketi kwenye benchi la Stumai, muuza chai, mikono yake ikizunguka kikombe. Upepo ulishuka kutoka milima ya Mbizi, ukaingia kwenye ukuta. Kwanza ulivuma kwa sauti nzito, kisha sauti ikapanda na kuwa nyembamba.

"Joo... vii."

Jovina aligeukia ukuta. Duniani alikuwapo mtu mmoja tu aliyemwita Jovi. Kinywa kilikwisha kufunguka kusema "abee" alipokumbuka onyo la Bibi Fransiska, onyo ambalo bibi huyo alilirudia tangu siku lori lilipopatikana: usiitikie sauti usiyoona mdomo wake. Mfu huita mara mbili tu, kwa kuwa hana pumzi ya tatu. Aliye hai ataita tena.

"Joo... vii."

Jovina alisubiri, mpaka chai ikapoa. Mwito wa tatu haukuja.

Ikawa hivyo kila upepo ulipopanda: mara mbili, kisha kimya. Hakuwa akiota, maana Stumai naye alisikia.

"Mwenzangu, mumeo anakuita unajifanya kiziwi!" Stumai alimtania. "Wangu yu hai, na haniiti hata kula."

Jovina alitabasamu, lakini usingizi ulimpaa. Kama Alois alikuwa mfu, kumwitikia kulikuwa kumfuata. Kama alikuwa hai mahali fulani, kunyamaza kulikuwa kumfungia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo kila siku alikwenda uwanjani, akaketi na kutega sikio, akiungoja mwito wa tatu.

Mwaka huo Lukmani aliupeleka uwanja kwenye shindano la tuzo za taifa za usanifu wa miji. Majaji walipotangaza kwamba watakuja, alimfuata Jovina na ndoo ya saruji.

"Shikamoo, mama. Nisaidie tuzibe mistari ile miwili ya juu. Ndiyo inayolia."

"Marahaba. Kwani kulia kuna ubaya gani?"

"Mama, majaji wanatoka Dar! Wakisikia Sumbawanga tu, tayari wameshika rozari na tasbihi wakihofia uchawi. Sasa wakute na ukuta unaoita watu kwa majina? Tumekwisha."

Jovina aliitazama ile ndoo. Angeweza kupumzika. Koleo chache tu, na asingeitwa tena maisha yake yote.

"Usizibe," alisema. "Hajamaliza kusema."

Lukmani aliinua ndoo yake, akaondoka.

Majaji walikuja siku ya upepo mkali. Kiongozi wao, mama mmoja aliyeitwa Jane, alisimama mbele ya ukuta kwa muda mrefu huku amejifunga shali. Ukuta ukaita mara mbili. Wauza viazi, wasuka mikeka na wazee wa bao wote wakanyamaza kidogo, kama ilivyokuwa desturi yao sasa, kisha wakaendelea na mambo yao.

"Wanaupisha useme," Jane alimwambia Lukmani kwa sauti ya chini. "Sijawahi kuona jambo kama hili popote."

Ndivyo Jovina alivyojikuta Dodoma, katika ukumbi wenye mazulia, amevaa kitenge kipya. Taa zilizimwa ili picha za viwanja vilivyoshindanishwa zionyeshwe ukutani. Mara akaiona Chanji yake, kubwa kama nyumba: miti ikiyumba, Stumai akimimina chai, ukuta umesimama. Sauti ikatoka kwenye vipaza sauti vya darini, ikatangaza kwamba uwanja wa Sumbawanga umeshinda, na kwamba aliyeyafyatua matofali ya ukuta aje kuipokea tuzo.

"Jovina Alois!"

Alitazama juu. Palikuwa na giza tu. Hakuuona mdomo wowote.

"Jovina Alois!"

"Mama, ni wewe," Lukmani alimnong'oneza. "Nenda!"

"Bado."

"Bado nini, mama? Watu wanakungoja!"

Jovina alikaza vidole juu ya magoti yake. Mshereheshaji alinyamaza, labda akidhani hayupo. Ukumbi mzima ukatulia. Na katika utulivu ule, kutoka kwenye picha inayocheza, upepo wa Ufipa ukaingia kwenye matundu.

"Joo... vii."

"Abee!"

Alikuwa amekwisha kusimama. Ukumbi ukaangua kicheko cha furaha, makofi yakalipuka, taa zikawashwa. Wote walidhani amemwitikia mshereheshaji.

Ndani ya basi la kurudi, tuzo ya kioo ikiwa mapajani, alimuuliza Lukmani, "Sauti ile uliinasa lini?"

"Siku ya upepo mkali, mama. Ni ile ile tu, inajirudia."

"Ulinasa mwito wa kwanza au wa pili?"

Lukmani alitaka kucheka. Alipoyaona macho yake, akageukia dirishani. "Sijui," alisema.

Kesho yake mchana Jovina alikwenda uwanjani. Upepo ulikuwa ukibeba vumbi na vifuniko vya ndoo za viazi. Ukuta ulivuma tu, kama chupa tupu.

"Tangu juzi haumwiti mtu," Stumai alisema, na safari hii hakutania.

Nyumbani, Jovina alimkuta Bibi Fransiska jikoni akichochea moto, akamsimulia yote. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliinuka, akaenda sandukuni, akatoa lile sweta, akalikung'uta na kulitundika kwenye msumari wa mlangoni.

"Mtu akishaitikiwa haiti tena," alisema. "Yuko njiani."

Jovina hakuthubutu kumuuliza kama anakuja kukaa au anakuja kumchukua. Maji yalikuwa yanachemka. Alichota unga wa watu wawili, kama alivyozoea, akasimama akiutazama mlango. Kisha akaongeza.