Stendi Iliyobeba Mtungi

Nakumbuka asubuhi ya Jumatatu moja, mwanangu, nimesimama dirishani kwenye stoo ya nyumba yetu Mikindani, nimeshika filamu ambayo haijakauka vizuri, naitazama kwenye mwanga. Filamu ilikuwa na picha kumi na mbili. Katika kila picha bi harusi alikuwa na nyuso mbili, moja juu ya nyingine, kama watu wawili wanaogombea shingo moja. Niliitazama mara ya pili, nikaigeuza, nikaitazama tena. Hakuna hata moja iliyosalimika.

Nakueleza haya kwa sababu juzi umeniambia unataka kununua stendi ya kamera, ile ya miguu mitatu, iwe imara, iwe nyepesi, na ulichonacho mfukoni ni kidogo. Mimi nilikuwa na haja hiyo hiyo mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilikosea, na kosa langu lilikaribia kunitenganisha na wadogo zangu.

Baba yetu alikuwa mpiga picha. Alipofariki, mama akiwa ametangulia, tulibaki watatu: mimi mkubwa, Rukia wa miaka kumi, na Bakari wa miaka saba. Shule nilikuwa nimeshaiacha zamani ili nimsaidie baba kusafisha picha, kwa hiyo kazi niliijua. Na nilikuwa na kitu ambacho baba hakuwa nacho. Nyumba nyingi za Mikindani siku zile zilikuwa na wanawake waliotaka picha lakini mwanamume mgeni haingii chumbani mwao, hasa wakati wa fungate, zile siku saba ambazo bi harusi hatoki nje. Mimi niliingia. Nilivua ndala mlangoni, nikapiga hodi, nikakaribishwa mpaka kitandani.

Taabu ilikuwa giza. Nyumba zile za mawe zina kuta nene na madirisha madogo. Taa za kumweka zilikuwa ghali na kila moja uliiwasha mara moja tu ukaitupa. Ilibidi kuiacha kamera wazi kwa kuhesabu moja, mbili, tatu, hata nne, na muda wote huo isisogee hata kidogo. Hapo stendi ndiyo kazi yenyewe, mwanangu. Bi harusi anaweza kutulia kama jiwe, lakini kamera ikitikisika umepoteza.

Stendi ya baba ilikuwa ya mti mzito, na kichwani ilikuwa na kipande cha shaba cha kufungia kamera. Baba aliifunga kwenye baiskeli. Mimi nilikwenda kwa miguu, nimejitanda kanga, nimebeba kamera begani, na stendi ile ilinivunja mgongo. Tena niliionea aibu, nisikufiche. Nilijiona kama mchukuzi wa bandarini. Basi niliiacha ukumbini, na Rukia akaona juu yake ni bapa, akaiwekea ubao na kutua mtungi wa maji. Hapo ukakaa mtungi, mwaka na zaidi.

Mwaka huo niliitua kamera juu ya meza au sanduku la mwenye nyumba, nikiweka akiba, kisha nikaenda mjini Mtwara, kwenye duka moja lililokuwa na vitu vilivyotumika. Pale niliona stendi ya bati jepesi, inang'aa, miguu yake inaingia ndani kwa ndani mara nne mpaka inakuwa fupi kama mwavuli. Muuzaji aliivuta, ikapanda mpaka kunipita kimo. Niliinyanyua kwa kidole kimoja. Nikatoa akiba yetu yote nikaondoka nayo, na njia nzima kurudi Mikindani nilikuwa nikijisifu.

Harusi ya kwanza niliyokwenda nayo ilikuwa ya binti wa Bi Somoe, mama aliyejulikana kila nyumba ya Mikindani. Bi harusi alikaa ghorofani, sakafu imetandikwa mikeka, na shangazi zake walikuwa wakiimba na kucheza chumba cha pili. Niliivuta miguu yote mpaka mwisho. Niliona jinsi ilivyokuwa ikiteleza kwenye mkeka. Niliona kichwa kinavyotetemeka kila shangazi mmoja akikanyaga kwa nguvu. Niliona, nikanyamaza, nikasema moyoni, huenda isionekane.

Ndiyo hiyo filamu niliyoishika Jumatatu.

Sasa sikiliza kilichokuwa kinanisubiri. Mjomba wetu, ndugu ya mama, aliishi kijiji cha Ziwani, kwenye mashamba yake ya mikorosho. Alikuwa ametuma neno kwamba Ijumaa baada ya sala atakuja kuchukua watoto. Rukia atakwenda kwa mkewe mdogo, Bakari atapelekwa kwa ndugu yake Lindi, nami nitafutiwe mume. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu kwamba watoto wa dada yake watalala njaa. Mimi nilikuwa nimemtumia jibu kwamba kazi ninayo, aje aione mwenyewe. Kazi yenyewe ilikuwa ndiyo hii, bi harusi mwenye nyuso mbili. Na Bi Somoe akisema neno moja, hakuna mlango Mikindani ambao ungenifungukia tena.

Nilikwenda kumwambia Bi Somoe siku ile ile. Nilirudi nyuma mara mbili kabla ya kupiga hodi. Nilimkuta yeye na shangazi wawili wanachambua mchele. Nikampa filamu bila maneno mengi.

Aliinyanyua kwenye mwanga. Kisha shangazi mmoja akachungulia begani kwake.

"Wee Somoe! Mkweo ameoa wawili kwa mahari moja!"

Wakacheka mpaka ungo ukamwagika. Bi Somoe hakucheka.

"Binti Saidi," akaniambia, "baba yako alinipiga picha mimi na marehemu mume wangu. Ipo ukutani pale. Imetikisika?"

"Haikutikisika, mama."

"Ijumaa fungate inakwisha. Jumamosi mwanangu anasafiri na mumewe, na sijui nitamwona lini. Njoo Alhamisi asubuhi, hina ikiwa bado imekolea. Ikiharibika tena, usinisalimie njiani."

Nilitoka pale sijui natazama wapi. Siku tatu. Fedha za stendi nyingine hazipo. Nikaikumbuka karakana ya Fundi Nampembe, mzee wa Kimakonde aliyetengeneza vitanda vya kamba nyuma ya soko. Nilidhani labda anaweza kuzikaza zile nati.

Aliipokea stendi yangu inayong'aa, akaisimamisha, akaweka kiganja juu ya kichwa cha ile stendi na kukisokota kidogo tu. Ikajipinda yote, miguu ikalia.

"Hii ni ya kupigia picha, au ya kuanikia dagaa?"

Nikamweleza nilikoinunua.

"Muuzaji aliikunjua mbele yako?"

"Aliikunjua, babu."

"Wewe uliigandamiza juu, kama nilivyofanya mimi?"

"Hapana. Niliogopa kuivunja."

Akaokota patasi yake. "Uliogopa kuivunja," akasema polepole. "Basi ulikwishaijua, mwana wangu. Kiganja chako mwenyewe ulikihofia dukani, kisha ukaenda kuipandisha kamera ya baba yako juu yake, na mtoto wa watu mbele yake. Mtu akija kununua kitanda kwangu simwambii neno. Namwacha akae, ajirushe, akitikise kichwani na miguuni. Asiyekitikisa namwuliza, unaniogopa mimi au unakiogopa kitanda?"

Nilitaka ardhi inimeze, maana alikuwa amesema kweli. Siku ile dukani nilikuwa nimeona haya. Msichana wa kanga iliyopauka, katikati ya wanaume, ashike mali ya mtu na kuigandamiza? Niliona wangesema, huyu hana fedha, amekuja kuchezea vitu. Kwa kuogopa kuonekana maskini nikaununua umaskini wenyewe.

"Ile ya marehemu iko wapi?" akauliza.

"Imebeba mtungi nyumbani."

Akaweka patasi chini. "Mtungi upi?"

"Wa maji ya kunywa."

"Uliojaa?"

"Rukia anaujaza kila asubuhi."

Mzee yule alichukua fimbo yake tukaenda. Alipoingia ukumbini akaiona, mtungi umetulia juu yake umejaa mpaka shingoni, alitikisa kichwa akacheka peke yake. Akaushika mtungi kwa mikono miwili akausukuma. Maji yakacheza, stendi haikusogea.

"Kitu hiki kimebeba maji mwaka mzima mbele ya macho yako," akasema, "na wewe umekwenda mjini kutafuta kitu kigumu."

"Ni nzito, babu. Siwezi kuibeba."

"Uzito uko miguuni. Ugumu uko kichwani. Tutavitenganisha."

Hivyo ndivyo alivyofanya. Alikitoa kile kichwa cha shaba cha baba, akakipa miguu mipya ya msonobari, mbao za makasha yaliyotupwa bandarini. Alichagua moja moja, akiitazama kwa jicho moja kama mtu anayelenga ndege, akitupa zenye vifundo. Kila mguu ulikuwa na vipande viwili tu, si vinne, kwa sababu, alisema, kila kiungio ni mahali pa kutikisika. Nchani aliweka msumari wa kuchomea mchangani, na kofia ya mpira wa tairi ya kuvalisha ndani ya nyumba. Kisha, chini ya kichwa, katikati, akafunga ndoano.

"Hii ya nini?"

"Ya kikapu. Njiani utembee na stendi nyepesi. Ukifika, omba mawe, omba mchanga, jaza kikapu, kitundike hapa. Mawe hayakosekani popote, kwa nini uyabebe kutoka kwako?"

Malipo hakutaka. Alisema nikishajua kazi nitampiga picha na mkewe, na mkewe asikatwe miguu.

Usiku wa Jumatano sikulala, mwanangu. Bakari aliniuliza kama Lindi kuna bahari. Nikamwambia ipo. Rukia alikuwa ameshafunga nguo zao katika vitambaa viwili, akaviweka karibu na mlango. Sikumwambia avifungue. Sikuwa na uhakika.

Alhamisi asubuhi nilipanda ngazi za Bi Somoe. Shangazi wote walikuwepo, wamekuja kutazama.

"Leo bi harusi atakuwa na vichwa vingapi, fundi?"

"Tukipata kimoja tutashukuru!"

Nilifanya yale ambayo sikuyafanya mara ya kwanza. Nilikunja mkeka, nikaweka miguu juu ya sakafu yenyewe. Sikuivuta mpaka mwisho. Niliomba mawe ya jikoni, mafiga mawili yaliyopoa, nikayatia kwenye kikapu.

"Na kikapu hicho, unatoka hapa unapitia sokoni?"

Nikawaomba radhi, nikasema wote wakae chini na asiinuke mtu mpaka niseme. Hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote, kuwaambia watu wazima wakae. Bi Somoe akaketi wa kwanza. Chumba kikatulia. Nikaweka kiganja juu ya kichwa cha shaba, nikagandamiza kwa uzito wangu wote. Haikulia. Nikasema bismillahi, nikafungua, nikahesabu.

Filamu ile niliisafisha nikiwa na hofu ya kuitazama. Ijumaa, mjomba alipoingia kutoka msikitini, picha zilikuwa zimebanwa kwenye kamba ukumbini. Alisalimia, akaviona vile vifurushi viwili mlangoni, akasema vizuri, watoto wako tayari. Kisha akainua macho kwenye kamba. Akasogea. Ua moja la hina kwenye kiganja cha bi harusi lilionekana mpaka ncha zake.

"Nani amepiga hii?"

Kabla sijajibu hodi ikagongwa, akaingia Bi Somoe, akapita kati yetu moja kwa moja mpaka kwenye kamba. Alimtazama binti yake kwa muda mrefu. Akaitoa ile iliyo bora, akaifunika kwa upande wa kanga kama kitu kinachoweza kupata baridi.

"Binti Saidi," akasema, "mwezi ujao dada yangu wa Shangani, kule Mtwara, anamwoza binti yake. Nimeshamwambia utakuja. Usinitie aibu."

Alipotoka, mjomba alikaa kwenye kiti. Akaomba maji. Rukia akamchotea, maana mtungi sasa ulikuwa chini sakafuni. Akanywa yote, akafuta ndevu.

"Fungueni hizo nguo zenu," akawaambia watoto. "Zitakunjamana."

Hakusema lingine mpaka akaondoka, na hakuja tena kuwachukua. Kwa stendi ile nimetembea mpaka Msimbati na vijiji vya mdomoni mwa Ruvuma, na wadogo zangu wote wawili wamesoma kuliko mimi. Ile ya bati niliona vibaya kumwuzia mtu. Niliisimamisha uani, ikatambaliwa na kunde.

Basi, mwanangu, nenda dukani na usione haya. Ikunjue, weka kiganja juu, gandamiza, sokota, sikiliza. Muuzaji akinuna, umeshajua jambo. Tazama kichwa kabla ya miguu. Chagua yenye viungio vichache, na usikubali kulipia urefu ambao hutautumia. Itafute yenye mahali pa kutundikia kitu, ubebe wepesi njiani na uzito uukute kazini. Na kabla hujatoa shilingi, zunguka nyumbani kwenu utazame vya wazee vilivyobeba mitungi. Zaidi ya yote, ukiona kitu kinatetemeka, simama useme kinatetemeka. Mimi niliona, nikanyamaza, na kunyamaza kule nusura kuwaponze wadogo zangu.

Mungu akupe mkono uliotulia, mwanangu, na macho ya kuona mapema. Akupe watu wa kukwambia kweli kama niliowapata mimi. Na kila utakayemsimamisha mbele ya kamera yako, Mungu amjalie aondoke na uso wake mmoja, mzima.