Habari Niliyompelekea Mjomba Kisiwani

Mama alipofariki mwaka uliopita pale Garsen, habari zilikwenda kwa simu. Zilifika Ozi kabla sanda haijakatwa, zikafika Kipini, zikafika Hola, hata Bangale kwa shemeji mwenye duka. Mtu mmoja tu hakuweza kupigiwa. Huyo ni kaka yake mama, mjomba wangu, anayeishi kule kwenye visiwa vya kaskazini mwa Lamu, upande wa Kiunga. Mjomba ni kiziwi. Nilimpigia binti yake, nikamwomba asimwambie, nitakuja mwenyewe.

"Njoo basi, dada," akasema kwa sauti ya kilio. "Lakini usichelewe. Baba husoma nyuso, na uso wangu siwezi kuuficha."

Ndivyo nilivyorudi visiwani baada ya miaka mingi, na njia nzima, ndani ya basi na kisha ndani ya boti, nilikuwa nikiwaza msimu ule wa utoto wangu.

Kama nawe umekulia kando ya Tana, utanielewa nikisema kwamba sisi watoto wa Ozi tuliyajua maji lakini hatukuyaamini. Mto wetu ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ukitia mkono mpaka kiwiko, vidole huvioni. Tulioga ukingoni kwa kata, jicho moja kwenye sabuni, jingine likimtafuta mamba. Kuzamisha kichwa ni jambo ambalo hata watoto watundu hawakuthubutu kulifanya.

Mwaka ule mto ulifurika mpunga ukiwa umeanza kuchanua. Maji yaliingia jikoni asubuhi tukinywa uji. Kuku walipanda juu ya makuti, na shamba la ndizi likaonekana majani tu, kama mikono ya watu wanaoomba kuokolewa. Baba alibaki na ndugu zake kulinda kilichosalia. Mama akanichukua, tukaenda kwao visiwani.

Kule nilikuta dunia iliyopinduliwa. Tulikuwa tumekimbia maji, na bibi yangu alikuwa akiyapima kwa kikombe. Kisimani yalikuwa ya chumvichumvi, na ya kunywa yalitoka kwenye jabia, lile birika kubwa la kuvunia mvua, lililofungwa kwa kufuli. Kazi yangu ilikuwa kufuatana na bibi kila asubuhi, kushika ndoo asimwage hata tone. Mama aliwahi kuniambia, akinitazama nikisukutua mdomo kwa maji mengi, "Mtu wa mto hulia maji yakija. Mtu wa kisiwa hulia yasipokuja. Wewe sasa jifunze vilio vyote viwili."

Nakumbuka harufu ya mkate wa mofa ukitoka tanurini, na samaki wa kupaka tuliyemla mchangani, miguu imekunjwa, mchanga ungali na moto wa mchana. Nakumbuka pia kwamba mama alicheka. Nyumbani Ozi alikuwa mke wa watu, mtu wa kuinama. Kisiwani alikuwa dada wa mtu.

Mjomba wakati ule alikuwa kijana, hajaoa. Alikuwa mzamiaji wa kamba, wale wakubwa wenye ndevu ndefu wanaojificha kwenye mapango ya mwamba. Alizama bila mtungi wa hewa, kwa pumzi yake tu. Alifunga pweza kwenye ncha ya fimbo na kumwingiza pangoni. Kamba humwogopa pweza kuliko kitu chochote, hivyo hutoka mbio, na mkono wa mjomba unawangoja nje. Aliporudi alikuwa na furaha, na mara nyingine alikuwa na damu sikioni. Sikio moja lilikuwa limeshakufa. La pili mama alikuwa akilitibu kwa mafuta ya simsim yaliyopashwa moto, amemlaza kichwa mapajani kama mtoto.

"Bahari inakupa kamba, na wewe unaipa masikio," alimwambia. "Biashara gani hii, kaka?"

"Chini kule hakuna wa kuzungumza naye," mjomba alijibu. "Masikio ya nini?"

Mama alimpiga kofi dogo begani, kisha akaendelea kumsimulia mambo ya Ozi, mdomo karibu na sikio lile lililobaki, mpaka mafuta yalipopoa.

Siku moja mjomba alinivalisha miwani yake ya kuzamia, akanishika kiunoni. Nililia. Nilimwambia kuna mamba. "Hapa hakuna mamba. Ndoo, mwanangu. Fungua mato," akasema kwa Kiswahili chao, ambacho njoo ni ndoo na macho ni mato. Nikafumbua macho, uso majini. Sijui nikueleze vipi. Mtoto aliyezoea maji yasiyoonyesha kitu, ghafla anaona mpaka chini! Palikuwa na matumbawe ya zambarau na ya kijani, mengine yametanda kama meza, mengine kama pembe za swara. Samaki wa manjano walinipita bila kunijali. Kasa mmoja alikuwa akila majani polepole, kama bibi kizee asiye na haraka. Nilisahau kupumua, mjomba akanivuta juu.

Mto ulipopungua, baba alikuja kutuchukua. Mama alikaa kwenye boti akikipa kisiwa mgongo, na hakugeuka hata mara moja. Hakuwahi kurudi. Mwaka huu mavuno, mwaka ule mimba, kisha bibi akafariki na barabara ikawa ya hatari, mabasi yakawa yakisindikizwa na askari. Kisha sukari ikamshika miguu. Habari kwamba mjomba amepoteza sikio la pili zilitufikia mwaka mmoja tu baada ya safari ile. Mama alikuwa akipepeta mchele. Aliweka ungo chini, akaingia ndani.

Basi boti ilipofika, mjomba alikuwa amesimama ufukweni, ndevu zote nyeupe. Alinitazama usoni, kisha akatazama nyuma yangu, kama anayengoja mwingine ashuke. Hakushuka mtu.

"Lini?" akauliza, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia.

"Ijumaa," nikasema kwa midomo.

Akakaa palepale, maji yakimpiga miguuni. "Inna lillahi," akasema, na safari hii hakuna aliyemsikia isipokuwa mimi niliyeinama karibu.

Kesho yake nilimwomba anipeleke kwenye mwamba. Yeye alibaki botini. Niliingia na miwani ya wajukuu wake, na nilichokiona kilikuwa kama uwanja wa mifupa, kijivu, umefunikwa utelezi. Samaki walikuwapo wachache, wadogo. Binti yake alinieleza kwamba bahari ilichemka miaka fulani, matumbawe yakawa meupe, kisha yakafa. Kasa bado huja, lakini si pale.

Alasiri tulikaa uani. Mjomba alianza kusema bila kuulizwa.

"Mke wangu sikuwahi kumsikia. Wanangu hawa sijui wanalia vipi. Wa mwisho niliyemsikia sawasawa ni mama yako. Mpaka leo namsikia. Sauti haikuzeeka."

Nilishtuka, maana mimi sauti ile sina. Ninayo ya mwisho tu, ya hospitali, iliyokauka. Nimeitafuta ile ya ujana wake, iliyokuwa ikisimulia mpaka mafuta ya moto yapoe, na sijaipata. Nikamshika mkono, nikamuuliza polepole ili aione midomo yangu: ilikuwaje, mjomba?

Akafikiri. Akafumba macho, akafungua kinywa, akajaribu kuita kama dada yake alivyokuwa akimwita. Ilitoka sauti nene, iliyopasuka, hata majirani wakachungulia. Haikuwa sauti ya mama hata kidogo. Lakini mjomba mwenyewe alikuwa anatabasamu, ametega kichwa, akisikiliza.

Nimerudi Garsen na kazi zangu. Kaburi tumelizungushia mawe. Sauti ya mama ya ujana wake imebaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya kichwa cha mzee asiyesikia, na siku atakayoondoka ataondoka nayo.