404 ya Mzee Ombati iliyobaki kwenye banda letu

"Gari ni ya nani?"

Askari wa barabarani aliniuliza hivyo, na mimi, msichana mwenye digrii ya fizikia na jibu la kila kitu, nikamgeukia Baba.

Wakuu wa magari, hamjambo humu. Nimesoma nyuzi zenu za kufufua magari ya zamani kwa muda mrefu bila kuchangia. Leo nachangia. Haya yalitokea, na pale nisipokuwa na hakika nitawaambia sina hakika.

Ni katikati ya miaka ya tisini, kwetu karibu na Kabianga. Nimemaliza chuo, kazi hakuna, nimerudi kuchuma chai na Mama. Wenzangu wa shule wameolewa au wako Nairobi. Mezani nilikuwa nauliza maswali mpaka Mama ananituma nje hata kama hakuna cha kuleta.

Huko nje kulikuwa na banda. Ndani ya banda, gari aina ya 404, station wagon ya rangi ya krimu, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma.

Haikuwa yetu.

Ilikuwa ya Mzee Ombati, jirani yetu Mkisii, mwenye duka pale senta. Binti yake Kemunto tulikaa naye dawati moja primary yote. Kisha ukaja ule mwaka wa fujo, watu wakaanza kuulizana babu zao walitoka wapi. Wiki hiyo hiyo gasket ya 404 ilikuwa imeungua. Mzee Ombati akapakia familia na vitu vichache kwenye lori, akampa Baba ufunguo mkononi, akasema, "Arap Koske, niangalilie."

Mimi nilikuwa chuoni. Niliporudi likizo, nyumba yao haikuwa na paa.

Niliuliza nani alichukua mabati. Hakuna aliyejua. Nikauliza tena, na tena, mpaka majirani wakaacha kupitia kwetu.

Basi nikahamia kwa gari. Gari likikataa, angalau linakuonyesha mahali linapokataa.

Baba mdogo, ndugu yake Baba, alikuja kunitazama nikisugua kiti.

"Chebet, hiyo digrii ni ya kuosha mavi ya kuku?"

"Hapa ni mwanzo tu, Baba mdogo."

"Wacha mchezo. Kata hapo nyuma, tupate pickup ya kupeleka majani buying center. Mwenyewe hawezi kurudi."

Baba alikuwa anamkamua ng'ombe pembeni. Hakugeuka. "Ng'ombe ya kimanagan haichinjwi."

"Hii ni gari, kaka."

"Nimeona ni gari."

Kwa wasiojua: kwetu Kipsigis, mtu anaweza kumweka ng'ombe wake kwa rafiki. Hiyo ndiyo kimanagan. Maziwa unakunywa wewe, ndama ni wa mwenyewe. Huuzi, huchinji. Ng'ombe akifa, unaweka ngozi umwonyeshe mwenyewe, ajue hukumla kwa siri. Ndivyo nilivyofundishwa na Baba.

Nami, mjuaji, nikamwambia ng'ombe haungui gasket, na gari halina maziwa.

Akafikiria mpaka ndoo ikajaa. "Ikitembea, hayo ndiyo maziwa."

Kwa hiyo sheria ikawa: kuendesha ruhusa, kukata hapana.

Sasa wakuu, hali yenyewe. Maji yalikuwa yameingia kwenye silinda na pistoni zikashika. Nilimimina dizeli kwenye matundu ya plagi, nikasubiri siku nyingi, nikapiga hendeli mpaka bega likavimba. Ikazunguka kidogo, ikasimama. Kufungua, liner moja, lile koti la ndani ya silinda, ina ufa.

Mnaojua hizi gari mnajua jibu: injini ya 504, mdogo wake, inaingia kwenye 404 karibu bila ugomvi. Nikaipata moja Kericho, ya pickup iliyopinduka. Lakini je, ukibadilisha injini, bado ni ng'ombe yule yule? Nilimuuliza Baba kwa kumtega, nakiri.

"Ya zamani usiuze," akasema. "Iweke."

Ikawa hivyo kwa kila kitu. Injini ya zamani ikalala kwenye kona ya banda, imefunikwa turubai. Pointi, mipira ya maji, nyaya zilizotafunwa na panya, hata kitambaa cha kiti chenye madoa ya mayai, vyote kwenye gunia. Hizo ndizo zilikuwa ngozi za kumwonyesha Mzee Ombati.

Injini mpya tuliinua kwa mnyororo kutoka boriti ya banda. Baba mdogo alikuja, akashika mnyororo, akavuta kuliko sisi wote, akirudia kila mara kwamba yeye hasaidii. Sakafu iliyooza niliiziba kwa bati la pipa la mafuta, fundi wa senta akachomelea. Breki nilifungua zote nne. Rangi sikugusa.

Sehemu kubwa ya kazi nilikuwa peke yangu.

Mvua ya mawe ya kwetu mnaisikia kwenye habari. Alasiri ikipiga mabati, husikii hata sauti yako. Nilikuwa naingia kwenye kiti cha dereva kusubiri ipite, gari liko juu ya mawe, halina magurudumu, nashika usukani naongea na Kemunto. Kwa sauti kubwa kabisa. Namweleza nani ameolewa na nani, namuuliza kama walipata shule. Mvua ikikata, nami nakata.

Siku lilipotoka bandani likiunguruma, nilidhani watu watashangilia. Walisimama kando ya barabara wakatazama kioo cha mbele, kuona ni nani anaendesha. Walipoona ni mimi, wakaendelea na safari zao. Nilipiga honi kumsalimu mama anayetuuzia mboga. Aliangalia chini.

Baba akasema, "Sasa twende ionwe na mwenyewe."

Tulisikia alienda upande wa Kisii. Tukapakia gunia la spea za zamani, tukaondoka asubuhi. Njiani ndipo yule askari akatusimamisha na lile swali lake.

Baba alijibu kwa niaba yangu. "Ni ya rafiki."

"Rafiki ako wapi?"

"Tunamtafuta."

Askari akainama, akatazama gunia, akamtazama Baba. "Mzee, kazi yangu huwa ni watu wanatafuta gari. Nyinyi gari iko, mnatafuta mtu?"

"Ndiyo."

Akacheka, akainua kizuizi.

Tulifika kwa ndugu za Mzee Ombati. Wakatukaribisha vizuri, wakatupa chai. Baba akasalimia na lafudhi yake ya kwetu, na nikaona nyuso zikifungika. Mmoja akasema Mzee yuko Nairobi. Mwingine, Nakuru. Mwingine hakuwa na hakika kama bado anakaa Kenya. Chai walitupa, maelekezo hawakutupa. Sikuweza kuwalaumu.

Tukarudi na gari letu lisilo letu, na gunia.

Baada ya hapo nikawa nalipeleka Kericho kila Jumamosi. Nilikuwa naliegesha karibu na stage, mahali ambapo mtu anayeshuka kutoka Kisii hawezi kulikosa. Nanunua mkate, narudi, nakaa ndani na gazeti. Miaka. Kisha nikapata kazi mbali, Jumamosi zikaisha.

Baba ameshafariki. 404 bado iko bandani, inawaka.

Funzo? La kiufundi ni kwamba usitupe spea ya zamani mpaka mpya ifanye kazi. Lile lingine sijalimaliza. Niliwahi kumuuliza Baba: kutunza gari la mtu kuna maana gani, kama mtu mwenyewe hatukuweza kumtunza? Aliendelea kukamua. Mpaka leo sijui kama alikuwa anafikiri au alikuwa amejibu.

Kama umewahi kuachiwa mali na mtu aliyekimbia, andika hapa chini ulifanya nini nayo. Na mwenye mpira wa kioo cha mbele wa 404 asinipite.

Kemunto nilikuja kumpata uzeeni, Nakuru, kwenye foleni ya hospitali. Tulishikana mikono. Baba yake alikuwa ameshatangulia. Akaniambia Mzee aliliona gari. Ilikuwa Jumamosi moja, Kericho, limeegeshwa karibu na stage, hakuna mtu ndani. Alilizunguka, akachungulia sakafu, akaweka kiganja juu ya bonet. Kisha akapanda gari la kurudi Kisii. Nyumbani aliwaambia mambo mawili tu: kwamba linatembea, na kwamba bonet ilikuwa bado moto.