Siku Mama Alipochelewa Kumwosha Baba

Baba mkubwa alinichagua mimi kwa sababu siongei. Alisema hivyo mbele ya Mama, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo: "Huyu ndiye atakaa naye mchana. Huyu hata umdunge sindano hatoi neno." Nilikuwa kidato cha pili, shule imefungwa Agosti, na mpaka leo sijui kama nilisifiwa ama nilitukanwa.

Baba alikuwa amelazwa Kajiado. Alikuwa mtu wa machimbo ya mawe huko kwetu Kitengela, mtu wa kula muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, sahani mbili na kuuliza kama imebaki. Halafu chakula kikaanza kukataa kupita kooni, kwanza ugali, kisha mkate, mwishowe hata chai ilishuka kwa shida. Daktari alimwita baba mkubwa kwenye korido akamwambia ni kansa ya koo, na haiponi tena. Wangeweza tu kumpasua tumbo wamwekee mpira wa kupitishia uji. Baba mkubwa akarudi kitandani akamwambia ndugu yake ni vidonda, na mpira ni wa siku chache tu koo lipumzike. Mama alikuwa anajua, na mimi pia nilikuwa najua. Kwetu wanaamini mtu akiambiwa kitu kama hicho anakata tamaa, anakufa kabla ugonjwa haujamaliza kazi yake.

Shida ilikuwa sista wa wodi. Mama wa Kimasai, mfupi, sauti ya kuita mbuzi kutoka ng'ambo ya bonde. Baba mkubwa alitaka kuweka sahihi ya upasuaji yeye mwenyewe, kama mkubwa wa familia. Sista alikataa.

"Mgonjwa ako na akili yake. Atasaini mwenyewe. Na hawezi kusaini kitu hajui."

"Sista, wewe shughulika na dawa."

"Ndiyo nashughulika, mzee. Nyinyi ndio watu wake, mwambieni nyinyi. Mimi sitaenda kumwamsha nimwambie. Lakini siku ataniuliza, sitamdanganya."

Kutoka siku hiyo tuliwekewa zamu. Mtu wa kanisa alitupatia chumba pale mjini, kwa hivyo Mama alikuja asubuhi mapema kumwosha, mimi nikakaa mchana, baba mkubwa jioni. Amri ilikuwa moja: Baba asiachwe peke yake na sista.

Kukaa pale kulikuwa kugumu kuliko shule. Mama alileta muthokoi kwa hotpoti kila siku, kwa sababu kumletea uji mtupu ni kama kumwambia. Baba alitafuna polepole, akifunga macho. Mama akiondoka, Baba alitemea kwa karatasi ya plastiki na kuificha chini ya godoro, halafu ananiangalia. Mimi naangalia dirisha. Mchana niliibeba hiyo karatasi nikaitupa nyuma ya choo. Hatukuwahi kuiongelea. Jioni Mama akija kuchukua hotpoti na kuona imepungua alisema, "Ona, anakula," na Baba alisema, "Nakula."

Kitanda cha jirani kulikuwa na mzee Mmasai aliyevunjwa mguu na fahali wake mwenyewe. Yeye hakuwa na siri hata moja. Sista akipita alimwita mama kwa Kimasai, "Wewe, yeiyo, leo nakufa ama bado?"

"Mguu yako inapona. Imebaki tu kupona mdomo."

Hata Baba alicheka, akashika koo.

Kuna kitu baba mkubwa hakufikiria wakati alinichagua. Mimi ni msichana. Kwetu mtoto wa kike haoni uchi wa babake, hata awe mgonjwa namna gani, na Wamasai ni hivyo hivyo. Kama angeweka ndugu yangu wa kiume, mambo yangekuwa mengine. Lakini alitafuta tu mtu wa kunyamaza.

Siku hiyo Mama alikuwa amelala Kitengela kuona wadogo wangu, na asubuhi akakosa gari la kurudi, kwa hivyo zamu yake nilishika mimi. Sista alikuja na beseni na taulo, akasukuma pazia la magurudumu mpaka kando ya kitanda.

"Mamako hajafika?"

Nikatingisha kichwa.

"Basi toka kidogo, mtoto. Namwosha mimi."

Nilijua. Nikitoka, wangebaki wawili peke yao. Ningesema tumngoje Mama, na labda angengoja. Nikamwangalia Baba. Yeye hakuniangalia. Alikuwa ameanza kufungua vifungo vya shati, haraka, kama mtu aliyekuwa anangoja hiyo siku.

Nikatoka, nikasimama upande wa pili wa pazia. Nilisikia kitambaa kikikamuliwa. Kisha Baba akaongea, kwa ile sauti yake iliyokuwa imebaki kama upepo.

"Sista. Hii kitu ni vidonda?"

Maji yakanyamaza.

"Unataka nikujibu, ama nikuoshe tu?"

"Nijibu."

"Si vidonda. Ni kansa."

Mzee wa mguu, ambaye huongea siku nzima, aligeukia ukuta.

"Na hiyo mpira?"

"Ni ya kukulisha. Haitoi ugonjwa."

"Nikikataa?"

"Utakufa mapema, na utakufa na njaa. Na njaa ni mbaya, hiyo pia sitakuficha."

"Nikikubali?"

"Utasukuma siku. Siwezi kukuambia ni ngapi, na siwezi kukuahidi utatoka hapa."

Nilikuwa nimeng'ata kola ya sweta yangu. Halafu Baba akasema, "Maji imepoa," na sista akasema, "Naongeza ya moto," na akaendelea kumwosha.

Jioni Baba alikataa kusaini. Alisema anataka nyumbani. Baba mkubwa alinigeukia mimi kwanza.

"Nani amemwambia? Nilikuweka hapa ufanye nini?"

Baba akainua mkono.

"Wacha mtoto. Mimi ndiye niliuliza. Kwani ningekuuliza wewe, ungenijibu nini?"

Baba mkubwa alivaa kofia yake akatoka. Alienda kumshtaki sista kwa matroni. Sijui waliambiana nini, lakini siku tulitoka sista alikuwa bado kazini, na alimfunga Baba shuka kifuani vizuri, akampa mkono. Hakusema pole.

Sitaandika kwamba ilikuwa vizuri. Sista alisema njaa ni mbaya, na ilikuwa mbaya. Nyumba yetu ya mabati ilikuwa na joto la kuoka mchana, na Baba alikonda mpaka pete ikahamia kidole gumba. Siku nyingine alilia kama mtoto akiomba maji, na maji yakarudi kwa pua. Baba mkubwa alikuja mara mbili, akaketi mlangoni, akasema, "Angekuwa na mpira sasa." Mimi mwenyewe, usiku mwingine, nilikuwa nasema hivyo hivyo kichwani. Bado nasema.

Lakini mambo ya plastiki yaliisha. Mama alikuwa anapika muthokoi na kuketi naye kitandani, sahani mkono mmoja, kikombe cha bati mkono wa pili. Baba alitafuna mbele yetu sote, bila haraka, macho yamefungwa. Kisha Mama alileta kikombe karibu na mdomo wake, na yeye akatema.

"Chumvi iko sawa?" Mama aliuliza.

"Ongeza kidogo," Baba alisema.

Akaongeza.