Mti wa Jozi Mpakani

Siku hizi hati za mashamba zinapigwa picha kwa mashine, na hakuna anayekuuliza kitu. Karani wetu wa zamani, kule vilimani Kentucky, alizisoma kwa sauti, miwani puani, kidole kikifuata mstari. Mipaka yetu ilitajwa kwa miti na vijito, na kila alipofika kwenye mti alikukazia macho: "Bado upo huo?" Tulimtania, "Mama, unanunua wewe au mimi?" Hakuendelea mpaka ajibiwe.

Asubuhi moja Combs, aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni, alileta hati ya shamba alilouziwa na kaka wa karani, shamba walikozaliwa ndugu hao wawili. Karani akasoma kwa sauti ileile: kutoka kijitoni, kupandisha na uzio wa akina Hensley, hadi kwenye mti wa jozi, zile kokwa ngumu za kuliwa. Kidole kikasimama.

"Bado upo?"

"Tumeuangusha juzi, mama. Ungeyatia mahindi kivuli."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akainakili hati kitabuni kwa mwandiko wake wa duara, na mti akauandika palepale ulipokuwa. Akaupuliza wino ukauke.

"Humu haujaanguka," akasema, akafunga kitabu.