Nilifuata mkanda wa rimoti Makambako kwa ajili ya mbwa mkaidi, muuza duka akanikatalia

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Haya niliyaishi mwenyewe. Mke niliyekuwa naye wakati ule ndiye niliye naye mpaka leo, kwa hiyo nikitia chumvi atanisahihisha. Ni marefu kidogo, nivumilieni.

Ilikuwa miaka ya tisini mwishoni, soko huria limeshachanganya. Nilikuwa pembeni ya mji wa Njombe, nalima viazi, nina shamba dogo la miti na mke wangu Enitha. Vitu tulivyozoea kuviona kwenye magazeti ya wageni tu, sasa vinauzwa Makambako barabarani. Vingine vipya, vingine vimetumika, vingine hata muuzaji hajui ni vya nini.

Nilikuwa na mbwa anaitwa Jumbe. Ni Great Dane, ile aina ya mbwa wakubwa wa kizungu, mweupe mwenye mabaka meusi, jicho moja la bluu. Mgongo wake ulinifika kiunoni. Nilipewa akiwa mdogo na msimamizi mmoja mgeni wa kazi za barabara aliyekuwa anarudi kwao. Alinipa bure, na haraka haraka. Hapo ndipo ningepaswa kuanza kujiuliza, ila sikujiuliza.

Jumbe alikuwa stubborn kupita maelezo.

Unamwita, hageuki. Unapiga mluzi, yupo tu. Unafoka, anajinyoosha na kulala. Lakini tokea mbele yake na bakuli la chakula, anakuja mbio akipunga mkia.

Nikasema huyu ana dharau, anachagua lini aniheshimu. Nikawa namchapa kwa fimbo ya mti wa miwati. Sitalificha hilo. Nilimchapa karibu miaka miwili.

Enitha hakupenda. Aliniambia, "Baba Neema, huyu ukimchapa hakimbii, anakuangalia tu. Mbwa mwenye kiburi haangalii hivyo." Nikaona anamtetea kwa sababu ndiye anayempa chakula.

Sasa siku moja asubuhi Jumbe akaruka uzio wa jirani yetu, Mzee Mlowe, akafukuza kondoo mpaka mmoja akavunjika mguu. Mimi niko nyuma naita mpaka sauti inakauka. Hakugeuka hata mara moja.

Mzee Mlowe alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpole. Alikuja kwangu, tukaamkiana kwa salamu ya kwetu, kamwene, akakaa. Akasema taratibu, "Mwanangu, mimi sigombani na wewe. Lakini nikimkuta tena kwa kondoo wangu, naita mgambo aje na bunduki. Nimekuambia mapema ili usije kunilaumu."

Mzee yule hakuwa na kawaida ya kusema kitu asichokifanya.

Hapo ndipo fundi mmoja wa redio akaniambia Makambako kuna duka lina mikanda ya mbwa ya rimoti. Unamvalisha shingoni, akikaidi unabonyeza, anapigwa shoti. Nikasema dawa yake imepatikana.

Nikapanda pickup ya viazi na Jumbe nyuma, baridi ile ya asubuhi inakata masikio.

Mwenye duka aliitwa Mzee Hamisi, mtu wa Tanga, kaja miaka mingi na biashara ya malori. Alipomwona Jumbe akanyoosha mkono. "Usimwingize ndani, ndugu yangu, mimi naswali humu. Mfunge kwenye nguzo pale."

Wakuu, shaka yangu ilianzia hapo. Mtu hataki mbwa amguse, halafu ndiye mtaalamu wa vifaa vya mbwa?

Alikuwa na mikanda miwili. Wa kwanza mkubwa, mweusi, una pini mbili za chuma na ngazi saba za shoti. Wa pili mdogo, wa kijivu, umetumika. Ule una shoti hafifu na kitufe kingine kinachoufanya utetemeke tu.

Nikanyoosha mkono kwenye ule mkubwa. Akauvuta kwake.

"Kwanza ujaribu kwenye mkono wako," akasema.

Nikajifunga, akaniwekea ngazi ya tatu. Nilijikuta nimekaa chini na rimoti imeruka chini ya kaunta. Watu waliokuwa kwenye benchi nje walicheka mpaka wakashikana mabega.

Nikasema sawa, huu unafanya kazi, nipe.

Akasema, "Huu sikuuzii. Chukua mdogo."

Nikajua tayari. Anataka kunibambikia mtumba uliomdodea. Au ule mkubwa kuna bosi ameuwekea oda. Akaanza na maswali yasiyo na kichwa: ukimwita akiwa amelala huamka? Ukirudi nyumbani huja kukupokea, au mpaka akuone? Nikawaza, huyu anamtafutia mbwa wangu kasoro ili nikate tamaa nimwachie.

Nikamjibu kwa ukali kidogo, "Mzee, mimi nimefuata mkanda, sikufuata hospitali."

Hakukasirika. Akasema, "Tangu umemfunga pale nimehesabu malori matatu yamepiga honi mgongoni kwake. Watu wameruka. Yeye kalala."

Kisha akachukua mfuniko wa sufuria na mwiko wa chuma, akatoka, akasimama nyuma ya Jumbe kwa mbali akagonga kwa nguvu zote. Benchi zima liligeuka. Mama mmoja aliyekuwa anapita akadondosha ndizi zake.

Jumbe hakutikisa hata sikio.

"Huyu si mkaidi, bwana," Mzee Hamisi akasema. "Huyu hasikii."

Hata hapo sikuamini. Nikachukua ule mfuniko mwenyewe. Nikagonga. Nikapiga makofi. Nikaita jina lake kwa sauti ya kumwita mtu aliye mtoni. Hakuna. Niliposogea kivuli changu kikamfikia, akageuka, akaniona, akapunga mkia.

Nilikaa kwenye ngazi ya duka. Nilikuwa nawaza fimbo tu.

Mzee Hamisi akanipa ule mdogo. Kitufe cha shoti alikiziba kwa gundi na kipande cha raba ya tairi mbele ya macho yangu. "Hiki kingine cha kutetemesha ni kama mtu anakugusa begani," akasema. "Ndicho anachohitaji."

Training ilichukua kama wiki tatu. Unatetemesha, akikuangalia tu unampa kipande cha nyama. Kisha ishara za mkono: njoo, kaa, acha. Mbwa aliyeitwa mkaidi na mtaa mzima alishika kila ishara ndani ya siku chache.

Siku ya mtihani kondoo walitoka malishoni, Jumbe akachomoka. Mzee Mlowe yuko pale pale anaangalia. Nikabonyeza. Jumbe akasimama kama amefunga breki, akageuka kunitafuta, nikainua mkono, akarudi.

Mzee Mlowe akasema, "Kumbe maskini, tulikuwa tunamgombeza bure."

Mgambo hakuitwa.

Baadaye nilirudi Makambako kumwomba Mzee Hamisi radhi, maana nilikuwa nimeshamweka kwenye kundi la matapeli. Nikamuuliza aliwezaje kujua, naye hajawahi kufuga mbwa.

Akakunja mkeka wake wa kuswalia kwanza. Akasema, "Nilikuwa na mdogo wangu wa kike, Mwanahawa. Alichapwa shuleni mwaka mzima kwa kiburi. Akiitwa haitiki. Na sisi nyumbani tukawa tunamwongezea."

Kumbe naye alikuwa hasikii.

Wakuu, siku hizi mikanda hii imejaa mitandaoni, na najua mtabishana kuhusu kampuni na masafa ya rimoti. Mimi nasema kabla hujachagua, mpime masikio, mpime macho, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na shoti yoyote ionje wewe kwanza.

Jumbe aliishi miaka sita baada ya hapo, na mpaka anakufa sikuwahi kumnyanyulia fimbo tena. Ile miaka miwili ya kwanza bado inaniuma.

Kuna mwingine humu aliwahi kumwadhibu mnyama, au hata mtoto, halafu akaja kugundua tatizo lilikuwa lingine kabisa? Andikeni hapa chini, nitasoma zote.