Siku Umeme Uliporudi Ukweni

Jamani, kama mmewahi kusikia habari za kijana aliyepeleka posa Kibondo na mashine yake ikapiga yowe mpaka mbwa wa jirani wakajibu, msiulize tena ni nani, ni mimi. Nimekanusha miaka mingi, nikasema ni mwalimu mwingine, nikasema ni chumvi za watu wa Kasulu, lakini leo nimekubali, aibu ikikaa sana tumboni inageuka kidonda, na isitoshe wote walioniokoa siku ile wangali hai na nina deni la kuwashukuru hadharani.

Ilikuwa mwaka 2014. Mimi natokea kwenye milima ya Lushoto, nilikuwa nimepangiwa kazi Kasulu kufundisha kompyuta chuoni, na baada ya vipindi nilikuwa na kazi nyingine ya kujitolea ambayo hakuna aliyeielewa, hata mimi mwenyewe nilikuwa naielewa kwa shida. Niwaeleze kidogo, msisinzie. Chini ya programu zote za kompyuta kuna mfumo endeshi, na ndani ya mfumo huo kuna kiini, ndicho kinachoamuru spika ilie, kioo kiwake, diski iandike. Watu wa nchi mbalimbali wanakitengeneza kiini hicho bure kabisa, na kila wanapobadilisha kitu inabidi kipimwe kisije kikaharibu kilichokuwa kizima, basi mimi nilikuwa naandika majaribio yanayojiendesha yenyewe, pamoja na maelekezo ya kumwezesha mtu mwingine kuyatumia. Majaribio niliyaandika kwa mapenzi. Maelekezo niliyaandika kama mtu anayeosha vyombo vya watu wengine.

Wenzangu wa ng'ambo walikuwa wakipanga majaribio yaanze saa fulani. Kasulu ya wakati ule utapanga saa fulani na nani? Umeme ulikuwa unakuja ukijisikia. Kwa hiyo nikabuni jambo ambalo nililionea fahari sana, kwamba laptop yangu ikihisi tu umeme umeingia kwenye chaja, majaribio yaanze palepale, bila kumuuliza mtu, na sauti ijipandishe hadi mwisho. Wenzangu wakanisifia. Mama mmoja wa huko huko ng'ambo, ndiye aliyekuwa akikagua kazi zetu, naye alisifia, ila akaongeza: "Elia, umeandika jinsi ya kuanzisha. Hujaandika jinsi ya kusimamisha." Nikamjibu kwamba anayejua kuanzisha atajua na kusimamisha. Akaniandikia tena, nikanyamaza (ujana, ndugu zangu, ni maradhi yasiyo na dawa ila mikasa).

Sasa, nilikuwa na mchumba, Neema, muuguzi, kwao ni Kibondo mjini. Baba yake, mzee wa maneno machache, aliniletea ujumbe kwamba posa ataipokea kwa sharti moja, hatoi binti kwa kijana kabla yeye mwenyewe hajasikia sauti ya mzazi wa kijana huyo. Baba yangu alishafariki. Mama yangu mguu ulikuwa mbovu, safari ya kutoka Lushoto hadi Kigoma asingeiweza, na simu kule kijijini kwetu inashika ukipanda kilimani, na ule mguu haupandi kilima. Basi jirani akamrekodi mama video kwa simu yake, kadi ikaja kwa basi, mimi nikainakili kwenye laptop, halafu kwa kuwa kadi ilikuwa ya watu nikaifuta vizuri nikairudisha kwa basi lilelile. Video ikabaki kwenye laptop tu.

Na niliiweka wapi? Diski ilikuwa imejaa, isipokuwa sehemu moja iliyokuwa nyeupe pee, nikaiweka hapo, na tangu siku hiyo sikuwa nimeichaji. (Ilikuwa nyeupe kwa sababu ndiyo sehemu ambayo jaribio langu la mwisho huifuta yote na kuiandika upya. Nilijua. Niliitenga mwenyewe kwa mkono wangu. Lakini mtu anayekwenda kuposa akili yake huwa imetangulia mbele na begi.)

Mshenga wangu alikuwa Mzee Salum, muuza vitambaa wa Kasulu, mtu wa watu, mwenye ulimi wa kulishawishi jiwe litoe maji, ila kompyuta kwake ilikuwa ni aina ya televisheni. Tukafika Kibondo nyusi zetu nyekundu kwa vumbi, tukapokelewa vizuri mno, tukanawishwa, tukaingizwa sebuleni. Hapo ndipo Mzee Salum aliponikumbusha masharti ya nyumba ile. Mposaji hasemi, husemewa na mshenga. Hainuki mpaka aambiwe. Na kubwa kuliko yote, hamsogelei mama mkwe wala hazungumzi naye. Mimi nikakalishwa kwenye kigoda karibu na mlango. Mama Neema akakaa upande wa pili na shangazi mtu, kwenye mkeka, jirani na kabati la vyombo, na juu ya kabati hilo ndipo laptop yangu ilipowekwa, ikaunganishwa na sabufa kubwa ya baba mdogo wa Neema ili mama yangu asikike hadi jikoni. Umeme ulikuwa umekatika, tukakubaliana tuanze na mazungumzo, ukirudi tutamsikiliza mama. Baba mdogo, kwa ukarimu wake, akachukua chaja yangu akaichomeka ukutani, akasema mashine ya mgeni nayo ni mgeni, nayo ipate chakula. Nikatabasamu. Sikukumbuka chochote, wallahi.

Mzee Salum akaanza, na alikuwa ameiva siku hiyo. Akasema tumepita njiani tukaona ua, tukauliza bustani ni ya nani, tukaambiwa ni ya mzee muungwana, basi tumekuja kwa adabu kubisha hodi. Baba Neema akawa anatikisa kichwa taratibu. Nikaona mambo yananyooka. Mzee Salum akavuta pumzi, akasema, "Na kijana tuliyekuja naye ni mtulivu, kijana asiyependa makelele..."

Umeme ukarudi.

Watoto nje wakashangilia, shangazi akasema "Ego!", yaani ndiyo kwa Kiha, taa ya sabufa ikawaka, na mimi ndipo moyo uliposhuka hadi kwenye soksi, maana nilikumbuka kila kitu kwa mpigo. Jaribio la kwanza ni la spika. Ulitoka mlio mzito kutoka chini ya nyumba, ukapanda, ukawa mwembamba, ukapanda tena, vikombe kabatini vikatetemeka, mbwa wa jirani wakaitikia, kisha ukarudi chini na kuanza upya, mara spika ya kushoto, mara ya kulia. Shangazi akajifunika khanga. "Yemwe! Kinalia nini hicho?"

Mzee Salum, mshenga wa kweli, hakukatiza hotuba, alipaza tu sauti, akawa anampigia kelele baba mkwe habari za utulivu wangu.

Likaja jaribio la kioo, laptop ikawa nyekundu yote, ikawa kijani, ikawa bluu, ukuta nao ukabadilika rangi. Baba mdogo akainuka kusaidia. Akachomoa chaja. Haikusaidia kitu, nilikuwa nimenunua betri mpya na majaribio yakishaanza hayajali umeme upo au haupo. Akairudisha chaja. Akabonyeza kitufe cha kuwashia, mara moja, kwa heshima, mashine ikalala, kelele zikakatika, watu wote wakashusha pumzi, Mzee Salum akasema "Alhamdulillah," na mimi peke yangu pale mlangoni nikajua tunakokwenda, kwa sababu aliyeilaza si kidole chake, ni jaribio la tatu, la kuilaza mashine na kuiamsha. Ikaamka yenyewe, na kelele zake palepale. Shangazi akasimama kabisa. "Oya, hiki si kitu cha kawaida, mimi natoka."

Niliweza kuvumilia kuchekwa. Kilichoniua ni kwamba mpangilio niliujua kichwani kama sala, baada ya hapo mashine inajiangusha makusudi ili tuone kama kiini kinaacha kumbukumbu ya anguko, inajiwasha, na ikijiwasha inaingia kwenye jaribio la diski. Jaribio la diski linafuta sehemu ile nyeupe. Sehemu ile nyeupe ndimo alimokuwa mama yangu. Na bila sauti ya mama hakuna Neema, mzee alishasema, na mtu yule hakuonekana kuwa wa kubadili sharti kwa ajili ya betri mpya.

Nikamvuta Mzee Salum kanzu, nikamnong'oneza: achomoe chaja kwanza, kisha akibane kile kitufe asikiachie. Mzee wa watu akasimama, akakohoa, akasema, "Kijana wetu anaomba, kwa heshima na taadhima, kama ingewapendeza wenye nyumba, ule mkia uondolewe ukutani, na lile jicho lake lifumbwe."

"Jicho lipi?" akauliza baba mdogo.

Mzee Salum akaniinamia. "Jicho lipi?"

Wakati huo kioo kilikuwa kimegeuka cheusi, mistari myeupe inakimbia kama mchwa, ndilo anguko lenyewe. Baba mdogo akaona mistari ile akarudi nyuma, akasema yeye hagusi tena. Aliyebaki jirani na mashine alikuwa mtu mmoja tu, Mama Neema, hakuwa ametikisika tangu mwanzo, alikuwa ananiangalia mimi, siyo mashine.

Nikasimama. Sijui nani aliniinua. "Mama," nikasema, na chumba kizima kikashtuka kuliko kilivyoshtushwa na sabufa, "nakuomba unisaidie. Chomoa waya ukutani. Huo mweusi."

Akachomoa.

"Upande wako wa kulia, juu ya herufi, kuna kitufe cha duara chenye taa ndogo. Weka kidole, ubane, usiachie."

"Nimebana. Kimenyamaza."

"Usiachie, mama. Hata kikinyamaza usiachie. Mpaka taa izimike."

"Bado inawaka."

"Usiachie."

Nilikuwa nalia, siwafichi. Akabana, uso umetulia tuli kama anasubiri uji uchemke, na hatimaye akasema, "Imezimika."

Baba Neema akanigeukia. "Nani amekuruhusu kusimama?" Akaongeza, "Na nani amekuruhusu kusema na mama mkwe wako?" Mzee Salum akaanza tena habari za ua na bustani.

Aliyejibu ni Mama Neema. "Asingesema, mimi ningejuaje? Maneno ya mshenga nimeyasikia, ni mazuri, lakini kitufe sikukiona humo." Kisha akamgeukia mumewe akasema jambo kwa Kiha, taratibu, na mzee akakuna kidevu chake. Nikapigwa faini ya mbuzi kwa kuvunja adabu, nikaikubali kabla mzee hajamaliza kuitamka. Halafu akasema, "Haya. Sauti ya mzazi iko wapi?"

Nikaruhusiwa kuisogelea mashine, mama mkwe akahamishiwa upande mwingine. Nikaiwasha kwa betri, chaja nikiwa nimeikalia, maana ikishazimwa kwa kitufe majaribio huanza upya kwa chaja tu. Nywila nikaikosea mara ya kwanza. Nikafungua ile sehemu ya diski. Video ilikuwepo.

Mama yangu akatokea, ameketi mbele ya nyumba, kilemba kimekaa upande, mguu ameunyoosha. Akawasalimia wote, akaomba radhi kwa kutofika, akashukuru kwa kumtunzia mwanawe ugenini. Kisha akasema, "Huyu Elia ana kiherehere cha kujua mambo. Mkimwona anakosea mwambieni, huwa anasikia, ila huchelewa. Mvumilieni kama mimi nilivyomvumilia."

Hapo sebule ikapasuka kwa kicheko. Shangazi alirudi kutoka nje kuja kuuliza kuna nini, ikabidi mama arudiwe. Jikoni nikamsikia Neema akicheka, kicheko ninachokijua. Baba Neema hakucheka, alivua kofia, akasema, "Nimesikia," na mzee yule akisema amesikia basi imekwisha. Tukaletewa ugali wa muhogo na samaki wa migebuka, na Mzee Salum alikula kama mtu aliyetoka vitani.

Niliporudi Kasulu, kabla hata sijaoga vumbi, nilimwandikia yule mama mkaguzi, nikamwomba radhi, nikakaa nikaandika sehemu ya kusimamisha. Sikutunga chochote, niliandika maneno yaleyale niliyomwambia mama mkwe, kwa mpangilio uleule, hata lile la "hata kikinyamaza usiachie". Nikaongeza na onyo kuhusu sehemu ya diski inayofutwa. Tangu siku hiyo nimeapa kwamba maelekezo yangu hayaendi popote mpaka nimemsomea mtu ambaye hajui ninachozungumzia, naye ayafuate kwa mikono yake mwenyewe, mimi nikiwa nimekaa kwenye kigoda. Na laptop ya kazi ukweni haiendi tena, tunabeba sukari.

Kuna desturi moja kwenye ule mradi, kila badiliko linapopokelewa huandikwa chini yake jina la aliyelijaribu akathibitisha kwamba linafanya kazi. Mkaguzi aliniuliza, haya maelekezo nani ameyajaribu? Nikampa jina, akaliandika, na mpaka leo limo humo, watu wa mataifa hulipita bila kujua ni nani. Nilimweleza mwenyewe tulipokwenda kumwonyesha mtoto wetu wa kwanza (nikapitishia kwa Neema, adabu nimeshajifunza). Mama Neema akauliza kama hao watu wa ng'ambo wanajua kwamba kidole kilimuuma siku mbili.